Sare Nilizoshona Zikanikimbiza

Baba yangu aliitwa Saidi Lukumbi, mkulima wa mpunga, na mama yangu aliitwa Feza Amisi, msukaji wa mikeka asiyependa maneno mengi. Wote wawili walizaliwa Tunda, katika eneo la Kibombo, nami nilizaliwa hukohuko, katika nyumba ambayo leo haina hata alama ya jiko. Jina langu ni Asha, lakini hapa Kindu naitwa Mama Mariamu, kwa jina la binti yangu. Shule sikuikanyaga. Haya nayasema kwa mdomo. Anayeyaandika ni mjukuu wangu Aziza, binti wa Mariamu, mwenye umri wa miaka kumi na mitano na mwandiko ambao walimu wake wanausifu. Nimemkataza kuongeza mapambo.

Nasema nanyi mnaoshona mavazi ya michezo ya jukwaani na ya filamu katika mji huu. Mwezi uliopita nilifunika mashini yangu kwa sababu macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, nanyi mkaniomba niwaachie habari za kazi. Msitafute humu habari za vyeo. Mshonaji hana cheo, ana mgongo unaouma. Nitasema nilivyofundishwa, nilivyokosea, na jambo moja lililonishtua kiasi kwamba miaka imepita na mwili wangu bado haujalikubali.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani, mzee aliyekuwa na baraza la kushonea karibu na soko la Kasuku, hapa Kindu. Siku ya kwanza aliniketisha mbele ya mashini isiyo na uzi, akanipa kipande cha mfuko wa sementi uliochorwa mistari ya mkaa.

"Shona," akasema.

"Uzi iko wapi, Fundi?"

"Uzi ni ya watu wenye wanajua kushona. Weye shona."

Nilitoboa karatasi kwa wiki mbili. Nilipoweza kufuata mstari bila kutoka nje, akanipa uzi, na karatasi zile nilizotoboa akazitumia kufungia sukari. Kwa kuwa sikujua kusoma tarakimu za futi, alinifundisha kupima kwa ugwe: fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, na kuendelea hadi kifundo cha mguu. Kila mteja alikuwa na ugwe wake uliotundikwa ukutani. Mtu akinenepa, nilisogeza fundo, wala sikumwambia.

Ramazani ndiye aliyekuwa akiwashonea wachezaji wa parokia, ingawa yeye alikuwa akiswali msikitini. Mchezo wao mkubwa ulikuwa wa kale sana, wa Ulaya ya zamani za wafalme. Padri mmoja aliuleta ndani ya kitabu, na mwalimu Pascal, aliyekuwa pia akimcheza mfalme, akaugeuza kwa Kiswahili. Habari yake ni hii. Mfalme anaambiwa kwamba adui yuko njiani. Anafunga lango la mji na kuapa mbele ya watu wote kwamba atakayelifungua atakufa, hata awe nani. Njaa inaingia ndani. Binti yake mwenyewe anafungua lango ili akina mama na watoto watoke. Mfalme ameshaapa, kwa hiyo anamwua. Baada ya hapo anapata habari kwamba adui alikwisha kugeuka njiani, na kwamba mji haukuwa hatarini.

Joho la mfalme tulilishona kwa pazia kuukuu la misheni. Mimi nilitaka kuzitoa pete za chuma zilizobaki pembeni, zile za kupitishia waya. Ramazani akanipiga mkononi kwa kifuniko cha bobini.

"Ziache! Nguo ya muchezo lazima ibakize fasi moja ya kusema uongo. Mutoto akiogopa, mama yake amuoneshe: angalia, ile si mufalme, ile ni rido."

Hiyo ndiyo sheria aliyoniachia. Katika nguo zote nilizoshona baada ya hapo, nilipitisha uzi mwekundu mahali pa kuonekana, kwenye upindo au kwenye kola. Watu walilia Pascal alipomwua binti yake, kisha waliziona zile pete, wakacheka, wakaenda nyumbani kula.

Ramazani alifariki, nami nikarithi baraza lake. Kisha vita ikaja.

Wenye bunduki waliofika mtaani kwetu walitokea mtoni. Niliwaona wakipanda ukingo, wamelowa hadi magotini. Niliacha mashini, niliacha vitambaa vya watu, niliacha chungu cha wali juu ya moto. Mariamu nilimfunga mgongoni kwa kitenge, ingawa alikuwa na miaka mitano na visigino vyake vilinigonga mapaja kila hatua. Nilikwenda naye hivyo mpaka upande wa Kailo, na sikumshusha isipokuwa kwa kunywa maji. Hiyo ndiyo habari aliyokua nayo. Amewasimulia rafiki zake, amemsimulia mume wake, amewasimulia wauza samaki sokoni: "Mama alitupa vyote. Mie hakunitupa." Nilimsikia akiisema mara nyingi, na sioni haya kukiri kwamba nilipenda kuisikia.

Njaa iliturudisha Kindu. Mashini yangu niliikuta, kwa sababu wenye bunduki walikuwa na haja nayo. Kuanzia hapo niliwashonea kwa lazima. Waliniletea sare zilizochanika, nami nikaziba. Siku moja kijana mmoja aliniletea koti lenye tundu moja kifuani, limefuliwa vibaya.

"Ziba hii, Maman."

"Mwenye nayo anafika lini kupimwa?"

"Mwenye nayo hana neno tena. Mie njo nitaivaa."

Nililiziba. Nilijifunza sare kuliko nilivyojifunza nguo yoyote: mfuko unakaa wapi, kola inalala vipi, mshono wa bega unapita mara ngapi. Walipotaka mpya, nilifumua moja kuukuu, nikachora kila kipande kwenye karatasi ya sementi. Walipoondoka, niliviringisha zile karatasi nikazichomeka juu ya dari. Nilipaswa kuzichoma. Lakini zilikuwa zimechorwa vizuri, na huo ndio ugonjwa wetu sisi mafundi.

Miaka ikapita. Mariamu aliolewa, akamzaa Aziza, akarudi kukaa kwangu. Ndipo alipokuja Faustin, kijana wa hapa Kasuku aliyekwenda Kinshasa kujifunza kamera.

"Maman Mariamu, nataka kufanya filme ya ule muchezo wa mufalme. Lakini bila rido. Na nguo za leo."

"Mufalme wa leo anavaa nini?"

"Kositime. Na lineti nyeusi."

"Na askari wake?"

"Tenue ya jeshi."

"Na lango?"

"Lango ni bandari. Mufalme anafunga bandari, binti anaifungua, watu wavuke muto mpaka ng'ambo, Alunguli."

Nilimwona kama mtu anayetaka kupika mchuzi bila chungu. Hata hivyo nilikubali, kwa sababu sikuwahi kukataa kazi ngumu. Nilianza na suti ya mwalimu Pascal, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka lakini sauti yake haikuwa imezeeka. Kwa miaka mingi nilimvisha pazia, na hata siku moja hakunitisha. Siku ile alipotoka nyuma ya mlango akiwa na suti ya kijivu na miwani myeusi, nilirudi nyuma hatua mbili.

"Unaniogopa, Mama Mariamu?"

"Toa kwanza lineti, Papa Pascal, ndipo tuongee."

Alicheka. Mimi sikucheka. Hapo ningepaswa kuelewa.

Faustin aliniletea kitambaa chepesi cha mabakamabaka ili nishone sare saba. Nikamwambia hiyo ni nguo ya watoto ya sikukuu. Nilimtuma atafute kitambaa kizito, nami nikapanda kwenye dari nikashusha zile karatasi. Nilikata kwa vipimo vilevile. Nilipomaliza, nilizichovya katika maji ya majivu, nikazisugua kwa mchanga, nikazipaka mawese magotini, nikazianika siku nne juani, hadi zikaonekana zimelala porini. Kwa habari ya uzi mwekundu, nilikaa nao mkononi kwa muda mrefu. Kamera ya Faustin ilikuwa inaona hata tundu la kifungo. Nilijiambia kwamba uzi ule ungeharibu kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliurudisha kwenye kopo. Faustin hakuniomba, ni mimi niliyetaka kamera ishindwe kunikamata.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Faustin alikuwa na karatasi ya ruhusa yenye mihuri miwili, na pikipiki ilizunguka mtaani tangu jana yake na kipaza sauti, ikiwaambia watu kwamba askari wa mchezo watatokea barabara ya gare, kwenye kituo cha treni, wasiogope. Mariamu alikuwa amekwenda Kailo kununua karanga, akaniachia Aziza, aliyekuwa na miaka saba. Niliweka mashini yangu kando ya bandari ili nguo ikichanika niishone palepale. Aziza aliketi juu ya sanduku la nyuzi akinihesabia vifungo.

Ukungu ulikuwa juu ya maji. Faustin aliuona, akaupenda. Akaamua wale askari saba watoke mtoni kwa mtumbwi badala ya barabarani. Aliwaambia wachezaji, alimwambia mshika kamera, kisha akaja kuniambia mimi. Hilo mlisikie vizuri. Watu wa soko hawakuambiwa, lakini mimi niliambiwa.

Walipanda ukingo, wamelowa hadi magotini, na bunduki za mbao zilizopakwa rangi nyeusi. Nilikuwa naitazama kola ya yule wa tatu, nikifikiri imekaa upande na lazima niifumue. Hilo ndilo wazo la mwisho ninalolikumbuka. Mwanamke mmoja aliyeuza samaki alipiga kelele: "Wamekuya!"

Kisha nilikuwa nyuma ya ukuta wa gare.

Sijui nilifikaje. Kiatu kimoja sikuwa nacho. Pumzi zilikuwa zinanikata, na watu walikuwa wakinipita wakiwa na watoto mgongoni, watoto kifuani, watoto wakiburutwa kwa mkono. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeshika mkasi. Nilikuwa nimeusimamisha vizuri, ncha chini, kama nilivyofundishwa kukimbia nao ili usimchome mtu.

Nilizishona zile sare kwa mikono hii. Nilijua idadi ya vifungo vyake. Nilijua jina la kila aliyezivaa, na ugwe wa kila mmoja ulikuwa umetundikwa ukutani kwangu. Na nilikimbia, nikauchukua mkasi, nikamwacha mtoto.

Nilirudi mbio kuliko nilivyokwenda. Soko lilikuwa limemwagika: unga wa muhogo, kandambili, samaki kwenye tope. Mama mmoja alikuwa amevunjika mkono. Kufa, hakufa mtu, na Mungu ashukuriwe. Kando ya mashini yangu, yule mchezaji wa tatu alikuwa amelivua shati la sare, amelitupa chini, na amempakata Aziza akiwa kifua wazi. Mtoto hakulia. Alinitazama kuanzia usoni mpaka mkononi, akaniuliza mimi bibi yake:

"Koko, ju ya nini ulibeba mukasi?"

Niliuweka mkasi juu ya mashini, nikampokea.

Mariamu alirudi jioni, habari zikiwa zimemfikia njiani.

"Mutoto alikuwa na nani, Mama?"

"Na mimi. Tulipotezana kidogo mu fujo."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo. Mara moja nikamuona."

Aziza alikuwa anakula sombe. Aliendelea kula. Mariamu akaniwekea mkono begani, akawaambia majirani waliokuja kutupa pole: "Huyu alinibeba mie mpaka Kailo. Namna gani angemuacha mutoto wangu?" Nilisikia maneno hayo yakiniingia kama sindano iliyovunjika ndani ya kidole, isiyotoka wala kuonekana.

Wiki kadhaa baadaye Faustin alikuja barazani na kompyuta yake, akaomba tubaki wawili.

"Maman, ile siku kamera haikuzimwa."

Akanionyesha. Niliuona ukungu, niliwaona saba, niliziona sare zangu zikiwa kweli kabisa. Nikamwona kikongwe mmoja mwenye kitenge kilichopandishwa magotini, anakimbia kuelekea kwenye kamera, mkasi mkononi. Uso wake sikuutambua mara moja. Nyuma yake kulikuwa na mashini, na kando ya mashini mtoto amesimama, anageuza kichwa polepole kumfuata kwa macho. Kikongwe hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda niligeuka.

"Sijaona kitu cha kweli kama hiki," akasema Faustin kwa sauti ya chini. "Filme yote inasimama hapa."

"Kata."

"Maman, watu wataelewa. Hata mie nilikimbia."

"Weye ulikimbia peke yako. Mie niliacha mutoto. Mama yake hajui. Kata."

Kijana yule ana heshima, na kosa la siku ile alilibeba. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Alikata. Kipande kile alikiweka ndani ya kidude kidogo cha kuhifadhia picha, akanipa mkononi, akasema ni changu na hana kingine.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia. Niliketi upande mmoja, Mariamu upande wa pili, Aziza katikati. Wale saba walipotokea ukunguni, ukumbi mzima ulivuta pumzi, kisha watu wakaanza kunong'ona jina langu, na Mariamu akapiga makofi. Mwishoni mwalimu Pascal alimwua binti yake pale bandarini. Alikuwa na suti niliyoshona. Akatoa miwani, akaipangusa kwa kitambaa, akaivaa tena. Nilitafuta kwa macho pete za pazia. Hazikuwapo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia; watu walikuwa wameduwaa kama waliosomewa hukumu.

Mariamu akainama kwangu juu ya kichwa cha mtoto.

"Mama, mufalme gani huyu? Anamaliza damu yake mwenyewe? Weye ungeweza?"

"Nyamaza, uangalie," nikamwambia.

Aziza alikuwa anatazama mbele tu. Alikuwa na miaka saba, na alikuwa amekwisha kujifunza kunilinda. Hilo ndilo lililonishtua kuliko sare, kuliko mkasi, kuliko picha. Nilikuwa nimempa mtoto kazi ya mtu mzima, na aliifanya vizuri.

Niliendelea kushona miaka mingine baada ya hapo. Katika kila nguo ya mchezo nilirudisha uzi mwekundu, na waongozaji walioukataa niliwarudishia kitambaa chao. Nanyi mfanye hivyo. Mkishona sare, watu wa mtaa wazione mikononi mwenu kabla hazijavaliwa, watoto waziguse, akina mama wazicheke. Mkiambiwa kwamba mnajua ni mchezo na kwa hiyo hamtaogopa, msiamini. Mimi nilijua.

Sasa nabakiza neno la Aziza, na Aziza ataliandika kama nilivyolisema. Juzi nilimwomba anisomee tulipofikia. Alisoma vizuri hadi siku ya soko. Hapo akasoma: "Watu walikimbia, nasi tukapotezana katika fujo." Nikamwambia asome tena. Akasoma tena vilevile. Nikamuuliza:

"Ni mie nilisema hivyo?"

"Hapana, Koko."

"Ni nani alisema?"

"Ni mie. Mama atasoma."

"Njo maana anapaswa kusoma. Futa. Andika: nilimwacha."

Alilia, nami nilimwacha alie hadi amalize, kisha akaandika.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, sikiliza vitu vya kutunza. Mashini itunze, itiwe mafuta kila mwezi hata ikiwa haifanyi kazi. Nyugwe za watu mrudishie kila mmoja wake. Waliokufa, uzipeleke kwa watoto wao. Zile karatasi za sare nilizichoma wiki iliyopita, usizitafute. Kile kidude cha picha kitunze, usikifute wala usimwonyeshe mtu kwa kujivuna. Siku utakapotaka kukitazama, kitazame. Ni wewe uliyesimama pale, na una haki ya kuwa na hasira nami, hasira ambayo hukuwahi kuitumia.

Na karatasi hizi usizinakili upya kwa usafi. Ziache na mstari uliokatwa, uonekane, ili anayesoma ajue kwamba ulitaka kunificha na kwamba nilikataa.

Wa kwanza kuzisoma awe mama yako, kabla ya mafundi. Usimsomee wewe, mpe azisome mwenyewe, uketi kando yake, usimweleze lolote mpaka afike mwisho. Akitaka kuniuliza, nipo hapa barazani, siendi popote. Weka kalamu chini, umwite.